Nguruwe Walioisahihisha Mashine

Chini ya Kawangware 56 hakuna graptoliti hata mmoja, wala hatapatikana, shimo lichimbwe kina gani. Mafundi wa mjengo wanapochimba msingi katika pande hizi hupita kwanza kwenye udongo mwekundu, kisha sururu hugonga mwamba mgumu wa kijivu uliotoka tumboni mwa volkano. Hali ni hiyo hiyo karibu Nairobi nzima: lava juu ya lava, na katikati yake majivu yaliyogandamana mpaka yakawa jiwe la kujengea. Wanajiolojia waliochora ramani ya jiji walilipa tabaka mojawapo la majivu hayo jina la bonde la Kirichwa, ambalo vijito vyake huteremka magharibi mwa jiji kuelekea mto Nairobi. Mawe haya ni machanga. Umri wake huhesabiwa kwa mamilioni machache ya miaka, ilhali graptoliti, viumbe wadogo wa baharini, walitoweka duniani zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Hata hivyo mtu wa Nairobi ana sababu nzuri ya kuwajua. Njia ya kupima wakati iliyokomaa kwa msaada wao ndiyo iliyokuja kuamua mzozo mkubwa kuliko yote kuhusu umri wa mawe ya Kenya, na iliuamua dhidi ya vipimo vya maabara ambavyo wengi waliamini haviwezi kukosea. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba ushahidi wa visukuku una nguvu zake wenyewe, na haupaswi kuhesabiwa kuwa msaidizi dhaifu wa mashine.

Graptoliti waliishi kwa makundi. Kila kundi lilijijengea mirija midogo iliyopangwa kwa mstari, na ndani ya kila mrija alikaa mnyama mmoja mdogo sana aliyechuja chakula majini. Wapo jamaa zao walio hai hata leo, wanaoitwa Rhabdopleura, wanaoishi sakafuni mwa bahari. Waliokufa zamani huonekana kwenye mawe meusi ya tope kama michoro myembamba yenye meno meno, mingine upande mmoja, mingine pande mbili. Kwa muda mrefu wataalamu waliitazama michoro hiyo bila kujua ina faida gani. Aliyeonyesha faida yake alikuwa Charles Lapworth, mwalimu wa shule katika mji wa Galashiels, Scotland, ambaye wakati wake wa mapumziko aliutumia kutembea milima ya kusini mwa nchi hiyo. Milima ile ilikuwa fumbo. Mawe meusi yalionekana kujirudia tena na tena, na waliotangulia walidhani kwamba ni matabaka mengi tofauti yaliyolundikana hadi kufikia unene wa maelfu ya mita. Lapworth alikusanya graptoliti tabaka kwa tabaka, hasa katika korongo la Dob's Linn, akaandika ni aina ipi imetoka wapi hasa. Mwaka 1878 alichapisha matokeo yake: matabaka yale hayakuwa mengi. Lilikuwa fungu moja tu la mawe, lenye unene wa takriban mita mia moja, ambalo ardhi ilikuwa imelikunja na kulikata mara nyingi hata likajitokeza mahali pengi. Alijua hivyo kwa sababu zile zile aina za graptoliti zilijirudia kwa mfuatano ule ule kila mahali, na pale ambapo mfuatano ulikwenda kinyume, mawe yenyewe yalikuwa yamepinduliwa.

Mantiki yake inaeleweka kwa sarafu za Kenya. Ukichimba jalala la zamani ukakuta sarafu yenye sura ya Rais Moi, una hakika kwamba takataka zilizoizunguka hazikutupwa hapo kabla ya utawala wake kuanza mwaka 1978. Ukikuta za wanyama, zilizotolewa mwaka 2018, unajua uko kwenye tabaka la juzi. Lakini sarafu zina kasoro moja ambayo visukuku havina: sura ya Mzee Jomo Kenyatta iliondolewa, halafu ikarudishwa mwaka 2005, kwa hiyo sura peke yake yaweza kumpoteza mtu. Spishi iliyotoweka hairudi. Ikishaondoka imeondoka, na viumbe wanaokuja baadaye, hata wakiwa wa ukoo ule ule, huwa na maumbo yao. Hapo ndipo ilipo nguvu ya njia hii. Kisukuku hakitaji idadi ya miaka. Kinataja zamu, yaani nani alitangulia na nani alifuata, na zamu hiyo haigeuki.

Si kila kiumbe anafaa kazi hii. Anayefaa lazima aenee mbali, abadilike upesi, na asidumu sana kabla ya kutoweka. Graptoliti wengi walielea baharini wakachukuliwa na mikondo, kwa hiyo aina moja hupatikana Scotland, China na Australia. Walielea hivyo kwa takriban miaka milioni 75, tangu mwanzo wa kipindi cha Ordovisi hadi mwanzo wa Devoni, na muda wote huo maumbo yao yalibadilika: matawi yalipungua, yakajikunja, yakaelekea juu, mirija ikabadilika mdomo. Ndiyo maana mwanzo wa kipindi cha Siluri, takriban miaka milioni 443 iliyopita, unatambuliwa ulimwenguni kote kwa graptoliti, na mahali rasmi pa kuutazama ni lile lile korongo la Dob's Linn. Nao si wasomi tu walionufaika. Katika machimbo ya dhahabu ya Bendigo na Castlemaine, jimbo la Victoria, Australia, dhahabu ilikaa kwenye mikunjo ya mawe ya Ordovisi, na graptoliti waliwasaidia wanajiolojia kujua wako kwenye tabaka lipi na mkunjo umeelekea wapi. Katika Libya na Algeria, sehemu kubwa ya mafuta yalitokana na mawe meusi ya Siluri, na umri wa mawe hayo hujulikana kwa graptoliti wanaotolewa na mitambo kutoka chini ya jangwa.

Kwa nini basi Kenya haina? Mawe ya kale ya nchi yetu, yale yanayoonekana Machakos, Kitui na Taita, yalipikwa na kukandamizwa chini sana ya ardhi kabla graptoliti wa kuelea hawajaanza kuishi, na joto la namna hiyo lingefuta kisukuku chochote hata kama kingekuwapo. Baada ya hapo, kwa zaidi ya miaka milioni mia moja, hakuna mawe ya baharini yanayojulikana kubaki Kenya. Mawe yanayofuata ni ya mchanga, yale ya Duruma nyuma ya Mombasa, na wakati yanatandazwa graptoliti wa kuelea walikuwa wamekwisha toweka zamani. Bahari ilipofika pwani yetu wakati wa Jurasi, ilileta wanyama wengine wa kazi ile ile: amoniti, wenye magamba ya mviringo, ambao mabaki yao hutoka kwenye mawe ya udongo ya Mombasa na huwezesha mawe hayo kulinganishwa na ya India na Ulaya. Huko bara, kwenye Bonde la Ufa, kazi hiyo ilimwangukia mnyama ambaye huenda hakuna aliyemtazamia.

Mwaka 1969 Kay Behrensmeyer, mwanafunzi wa jiolojia aliyekuwa katika kundi la Richard Leakey, aliona zana za mawe zikijitokeza kwenye tabaka la majivu ya volkano huko Koobi Fora, mashariki mwa ziwa ambalo siku hizo liliitwa Rudolf na leo ni Turkana. Tabaka hilo likaitwa KBS, kifupi cha Kay Behrensmeyer Site, yaani eneo la Kay Behrensmeyer. Majivu ya volkano yana hazina ndani yake: chembe za madini zenye potasiamu, ambayo sehemu yake ndogo hugeuka kuwa gesi ya argoni kwa mwendo unaojulikana, nusu yake ikichukua takriban miaka bilioni 1.25. Mwamba unapoyeyuka gesi ya zamani hutoka. Unapopoa, saa huanza upya. Frank Fitch na Jack Miller, wataalamu wa Uingereza, walipima majivu hayo wakatangaza miaka milioni 2.6. Miaka mitatu baada ya ugunduzi ule, mwaka 1972, Bernard Ngeneo, mmoja wa Wakenya waliobobea katika kutafuta visukuku, aliona vipande vya fuvu chini ya tabaka la KBS. Vilipounganishwa likapatikana fuvu lenye ubongo mkubwa kiasi, linalojulikana kwa namba yake ya Makumbusho ya Taifa, KNM-ER 1470. Kwa kuwa lilikuwa chini ya majivu ya milioni 2.6, Leakey alilitaja kuwa la takriban milioni 2.9. Habari zikaenea ulimwenguni kote. Ikiwa ni kweli, jenasi ya binadamu ilikuwa ya zamani kuliko walivyofikiri wengi, na viumbe waliodhaniwa kuwa mababu zetu huenda walikuwa binamu tu.

Wakati huo huo, kaskazini mwa ziwa, katika bonde la mto Omo nchini Ethiopia, wachunguzi wengine walikuwa na rundo la matabaka yenye majivu mengi yaliyopimwa, na ndani yake mabaki ya wanyama waliopangika kwa zamu. Basil Cooke, mtaalamu wa nguruwe wa kale, alikuwa amepima meno yao. Katika Afrika Mashariki ya wakati huo nguruwe walikuwa wengi, wa aina nyingi, na walibadilika upesi. Jamaa za ngiri wa leo na jamaa za nguruwe wakubwa wa msituni walizidi kula nyasi, na kadiri vizazi vilivyopita jino lao la mwisho la nyuma lilirefuka na kuinuka ili listahimili kusagwa na vumbi na nyasi ngumu. Meno huhifadhika kuliko mfupa wowote, kwa hiyo ushahidi ulikuwa tele. Cooke alipolinganisha, nguruwe waliotoka chini ya KBS huko Koobi Fora walifanana na nguruwe wa Omo wa takriban miaka milioni 2, wala hawakufanana na wale wa milioni 2.6 au zaidi. Ama nguruwe wa Koobi Fora waliwatangulia wenzao wa Omo kwa zaidi ya miaka nusu milioni, ng'ambo tu ya ziwa lile lile, ama majivu yalipimwa vibaya.

Waliotetea tarehe ya zamani hawakuwa wajinga, na hoja zao zinastahili kusikilizwa. Walisema mazingira ya Omo na Koobi Fora huenda yalitofautiana, kwa hiyo nguruwe wa upande mmoja wangeweza kubadilika mapema kuliko wa upande wa pili. Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote dhidi ya kupima wakati kwa visukuku popote duniani: kwamba kiumbe anaweza kuonekana hapa mapema na kule kwa kuchelewa. Kwa graptoliti jibu ni rahisi, maana bahari iliwabeba. Kwa mnyama wa nchi kavu jibu lazima litafutwe kwa kupanua ulinganisho. Mwaka 1977 Tim White na John Harris walichapisha kazi iliyowapanga upya nguruwe wa kale wa maeneo mengi ya Afrika, Olduvai ya Tanzania ikiwemo, kwa kipimo kimoja cha uainishaji. Aina baada ya aina ilishuhudia jambo moja. Mazingira yangeweza kumharakisha nguruwe mmoja. Ni vigumu mno kuharakisha koo kadhaa zenye vyakula na tabia tofauti, zote kwa muda ule ule, na kuziacha zikifanana hatua kwa hatua na za upande wa pili.

Upande wa maabara nao haukuwa umeduwaa. Garniss Curtis na wenzake, huko Berkeley, Marekani, walipima sampuli zao mwaka 1975 wakapata tarehe za chini zaidi, karibu milioni 1.8 na 1.6. Kwa upande mwingine, njia tofauti kabisa, ya kuhesabu nyufa ndogo zinazoachwa na urani ndani ya zirkoni, ilitoa milioni 2.4 mwaka 1976, na vipimo vya sumaku ya mawe vilisomwa kwa namna iliyokubaliana na tarehe ya zamani. Ukiutazama mwaka huo peke yake, mashine nyingi zilionekana kuwapinga nguruwe. Lakini njia ya nyufa iliporudiwa kwa uangalifu zaidi ilitoa milioni 1.87, na Ian McDougall wa Australia, alipopima fuwele zilizochaguliwa vizuri kutoka kwenye mawe mepesi ya volkano yaliyomo ndani ya KBS, alipata takriban milioni 1.88 au 1.89. Wanajiolojia Thure Cerling na Frank Brown nao walionyesha, kwa kemia ya kioo cha volkano, kwamba majivu ya KBS na tabaka moja la majivu la Omo yalirushwa na mlipuko mmoja. Baada ya miaka ya 1980 kuanza hakukuwa na mzozo tena. Nguruwe walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo.

Kosa lilitoka wapi? Majivu ya KBS hayakutua kutoka angani yakatulia. Yaliletwa na maji, na mto unapobeba majivu hubeba pia chembe za mawe ya kale ulizozikwangua njiani. Chembe chache za namna hiyo zinatosha kumdanganya mpimaji, kwa sababu argoni yake imekuwa ikikusanyika tangu zamani mno. Dalili ilikuwapo mapema: sampuli ya kwanza kabisa iliyopelekwa Uingereza ilitoa umri wa zaidi ya miaka milioni 200, jambo lisilowezekana kwa majivu yenye mifupa ya tembo na nguruwe. Na hapa nataka msomaji atue kidogo. Wapimaji walijuaje kwamba haiwezekani? Mashine haikuwaambia. Ni wanyama waliowaambia, na kwa sababu hiyo sampuli ile iliwekwa kando na nyingine ikaombwa. Anayesema kwamba siku hizi mashine zinatosha na kazi ya kutambua meno imepitwa na wakati anasahau kwamba mashine hupima chembe iliyowekwa ndani yake, si tabaka ilikotoka. Kama chembe si ya tabaka lile, jibu litakuwa sahihi kabisa kwa chembe na la uongo kwa tabaka.

Lipo pingamizi jingine ambalo husikika hata kwa watu waliosoma: kwamba wanajiolojia huzunguka mduara, wakipima mwamba kwa kisukuku na kisukuku kwa mwamba. Lingekuwa kosa kubwa kama lingekuwa kweli. Lapworth aliijua zamu ya graptoliti kabla ya mtu yeyote duniani kujua kupima miaka kwa mionzi. Aliisoma kwenye matabaka yaliyokaa moja juu ya jingine, la chini likiwa limetangulia. Miaka ilikuja kuongezwa baadaye, pale Dob's Linn hasa, kutoka kwa zirkoni za majivu ya volkano yaliyolala katikati ya tope lenye graptoliti, kwa kupima urani inayogeuka kuwa risasi. Tope lilitoa zamu na majivu yakatoa miaka, kila kimoja bila kukisikiliza kingine. Kama zamu ingekuwa ya kubuni, tarehe za majivu zingejipanga ovyo. Zinajipanga vizuri. Turkana ilionyesha upande wa pili wa jambo hilo: mashahidi wawili wasiotegemeana wakitofautiana, mmoja amekosea, na kosa linaweza kutafutwa. Mduara hauna uwezo huo, kwa sababu ndani ya mduara hakuna anayeweza kumpinga mwenzake.

Kuna pia swali linaloulizwa kwa moyo safi, makanisani na kwenye vijiwe: nani alikuwepo miaka yote hiyo hata ashuhudie? Hakuna, na hakuna mwanajiolojia anayedai hivyo. Anachodai kinaweza kukaguliwa na yeyote mwenye subira ya kwenda kutazama. Akisema kwamba jino refu la nguruwe halitapatikana chini ya tabaka fulani, mtu yeyote anaweza kwenda Koobi Fora, Omo au Olorgesailie, kusini-magharibi mwa Nairobi kwenye barabara ya Magadi, akajaribu kumpata mwongo. Dai linalojiweka wazi hivyo, likajaribiwa kwa zaidi ya miaka mia moja na watu wa mataifa mengi waliokuwa na kila sababu ya kujipatia sifa kwa kulibomoa, linastahili imani kwa kiasi cha majaribio liliyoyapita.

Yote haya husimama au huanguka kwa jambo moja dogo: kujua kisukuku kilitoka tabaka gani. Jino zuri lililookotwa na kutiwa mfukoni ni pambo. Lililoandikwa mahali lilipotoka ni shahidi. Sheria ya Kenya ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka mtu anayekuta kitu cha namna hiyo aijulishe Makumbusho ya Taifa, na sababu yake ni hiyo zaidi ya thamani ya mfupa wenyewe. Vikosi vya Wakenya vilivyoongozwa na Kamoya Kimeu huko Turkana vilifanya kazi hiyo kwa umakini usiosifiwa vya kutosha: kisukuku kilipoonekana, mahali pake palitobolewa kwa sindano kwenye picha iliyopigwa kutoka angani, na namba ikaandikwa nyuma yake. Ndiyo maana fuvu la 1470 lilijulikana kuwa chini ya KBS. Tarehe ya KBS iliposhuka kutoka milioni 2.6 hadi 1.88, fuvu lilishuka pamoja nayo hadi takriban miaka milioni 2, likiwa limetulia kabatini Nairobi, bila mtu kulipima upya.